Mume asema sitapata hata shilingi moja

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38 na watoto wanne. Tangu mwezi wa pili niko Tororo kwa dada yangu, lakini nyumbani kwangu ni Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani mwaka 2010, baada ya wazee wa kwao kupeleka ng'ombe sita kwa baba yangu.

Wakati huo yeye alikuwa na kibanda cha misumari na rangi. Mimi nilikuwa fundi wa kushona sokoni, nina vyerehani viwili na msichana wa kunisaidia. Mwaka 2014 mama mkwe alipatwa na kiharusi, upande mzima ukalala. Mume akaniambia nifunge kazi nimtunze mama, yeye atatafuta. Nilikubali. Nilimwogesha, nilimlisha kwa kijiko, usiku nilimgeuza kitandani asipate vidonda, miaka saba, mpaka Mungu alipomchukua. Cherehani kimoja tulikiuza, na pesa hiyo ndiyo iliyonunua saruji ya kwanza kuingia dukani. Leo lile duka ni hadiwea kubwa. Ana Fuso la kubeba mchanga, ana nyumba ya kupangisha ya vyumba sita, na ana stoo ng'ambo, upande wa Kenya.

Mwaka jana alimleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba. Nilipouliza, alinipiga mbele ya watoto. Niliondoka na wale wadogo wawili, wakubwa wako bweni. Sasa nimeletewa karatasi za mahakama. Anaomba talaka, anasema nilimtoroka. Kwenye simu ananiambia: "Ulitoka kwa miguu yako mwenyewe. Hutapata hata shilingi moja, na kwenu warudishe ng'ombe wangu." Anasema pia atamwambia hakimu kwamba duka linamwingizia shilingi 300,000 tu kwa mwezi.

Majirani wanasema sheria ni nusu kwa nusu. Wengine wanasema mwanamke akishatoka, haki yake imeisha. Hapa ninashona kwa kile cherehani kilichobaki, na mwezi ukiwa mzuri napata kama 150,000. Dada ananishauri niache kushona mpaka kesi iishe, ili hakimu aone kwamba sina kitu. Nimsikilize nani?

Mama wa Wanne, Tororo


Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu. Kabla ya kuanza safu hii nilikaa miaka mingi kwenye masijala ya mahakama, napokea mafaili na kugonga mihuri. Niliwaona akina mama wengi waliokuja na maneno haya haya yako, na wengi walikuja wamechelewa. Kwa hiyo nianze na zile karatasi ulizoletewa.

Zitoe ulikozificha uzisome tena. Kwenye samansi imeandikwa una siku ngapi za kujibu. Zihesabu leo. Usipojibu, mahakama inaweza kumsikiliza yeye peke yake, na hiyo hadithi ya kwamba ulimtoroka ndiyo itakayobaki kwenye faili. Nimeona mwanamke akija mwezi mzima baada ya hukumu, karatasi amezikunja ndani ya Biblia, anasema alikuwa anangoja mume apoe hasira. Faili haingoji mtu apoe.

Sasa, wewe na majirani zako mnasema "haki yangu" kana kwamba ni kitu kimoja. Mbele ya hakimu ni mambo matatu. Kuna matunzo yako wewe kama mke. Kuna mali mliyoichuma. Na kuna matunzo ya watoto. Kila moja lina kipimo chake, na unaweza kushindwa katika moja ukashinda katika jingine.

Tukae kwanza kwenye matunzo yako, maana ndiyo wanawake wengi hawayaombi kwa wakati. Huna haja ya kungoja talaka itoke. Kesi ikiwa bado inaendelea, unaweza kuomba matunzo ya muda, ule na ulipe kodi wakati mawakili wanabishana. Kesi za talaka kwetu huchukua muda mrefu. Hata hakimu akishatoa amri ya awali ya kuvunja ndoa, kwa kawaida inapita miezi sita kabla ya amri ya mwisho, na matunzo ya muda huendelea mpaka hapo. Hebu fikiria miezi yote hiyo unaishi kwa huruma ya dada yako, wakati kulikuwa na ombi ambalo lingeandikwa asubuhi moja.

Sheria yetu ya talaka ni ya mwaka 1904, na kipimo ilichoweka kwa matunzo ya muda ni hiki: yasizidi moja ya tano ya wastani wa pato halisi la mume kwa miaka mitatu iliyopita. Iliandikwa kwa mume kumlipa mke. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha mawakili wanawake, FIDA, iliamua kwamba vifungu vya sheria hiyo vinavyobagua kati ya mume na mke vinapingana na Katiba. Tangu hapo sababu za talaka ni zile zile kwa wote wawili, na hata mume asiye na kitu anaweza kumwomba matunzo mke mwenye uwezo. Lakini ile moja ya tano bado utaisikia mahakamani.

Tuipigie hesabu. Kwa mfano tu, tuseme faida safi ya biashara zake zote ilikuwa milioni 36 mwaka mmoja, milioni 30 uliofuata, na milioni 24 wa tatu. Jumla ni milioni 90. Gawanya kwa tatu, ni milioni 30 kwa mwaka. Moja ya tano yake ni milioni 6, yaani shilingi 500,000 kwa mwezi. Huo ni ukomo wa juu, hakimu anaweza kutoa pungufu. Sasa chukua ile 300,000 anayosema yeye. Kwa mwaka ni milioni 3.6, na moja ya tano ni 720,000. Ukigawa kwa miezi 12 unabaki na shilingi 60,000, ambayo haitoshi hata kodi ya chumba na unga. Unaona ni kwa nini anataka duka lionekane dogo? Vita ya matunzo inapiganwa kwenye hesabu za pato kuliko mahali pengine popote.

Siku moja pale masijala aliletwa mzee mmoja mfanyabiashara kuapa kiapo chake. Karatasi ilisema ana kibanda tu, na mwezi ukiisha habaki na kitu. Alipoinama kutia sahihi, kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na kitabu cha risiti, kimejaa nakala za kaboni mpaka mfuko umechanika kwenye pindo. Mke wake alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake na hakusema neno. Lakini wiki moja kabla alikuwa amemkabidhi wakili wake picha za kurasa za daftari la duka, siku kwa siku, karibu mwaka mzima. Hakimu alizisoma moja moja kwa sauti. Sikumbuki alipewa kiasi gani mwishowe, ila nakumbuka yule mzee alivyoulizwa kuhusu tarehe moja, mifuko themanini ya saruji, akakosa la kusema.

Wewe umekaa na biashara ile tangu ikiwa kibanda. Unajua saruji anainunua wapi, Fuso linafanya safari ngapi kwa wiki, wapangaji ni wangapi na kila mmoja analipa nini. Liandike yote, pamoja na tarehe. Ujumbe wa pesa za simu aliokutumia miaka hii usiufute hata mmoja. Risiti za karo ya bweni zinaonyesha analipa kiasi gani kwa muhula, na mtu wa 300,000 kwa mwezi halipi karo hiyo. Wakili wako anaweza kuiomba mahakama imwamuru alete taarifa za benki na hesabu alizopeleka kwa mamlaka ya mapato, URA. Stoo ya Kenya nayo iseme. Mpaka haufuti pato, na uwezo wa mtu hupimwa kwa vyote alivyo navyo. Ila usiingie dukani kwake usiku kuchukua daftari. Andika unachokijua, mengine mahakama iyadai.

Matunzo ya baada ya talaka hayana hesabu ya moja ya tano. Hapo sheria inamwambia hakimu aangalie mali ya mke kama anayo, uwezo wa mume, na mwenendo wa wote wawili, kisha apange kiasi anachokiona cha haki. Inaweza kuwa malipo ya kila mwezi, au mume aamriwe kuweka dhamana ya kiasi fulani kwa ajili yako. Siyo lazima upewe. Mwanamke mwenye mshahara mzuri anaweza kuambiwa ajitegemee. Na amri yenyewe si ya milele. Mlipaji akiishiwa uwezo, anaweza kurudi kuomba ipunguzwe au iondolewe.

Kwenye neno "mwenendo" ndipo mume wako anapojenga kesi yake. Ndiyo maana anasema ulimtoroka. Sheria inahesabu kumtelekeza mwenzako bila sababu ya msingi kwa miaka miwili au zaidi kuwa sababu ya talaka. Wewe umetoka mwezi wa pili mwaka huu, na umetoka kwa sababu ulipigwa na kwa sababu nyumbani mwako aliletwa mwanamke mwingine. Hayo ni ukatili na uzinzi, na yote mawili yametajwa katika sheria hiyo hiyo. Anayekulazimisha kutoka hawezi kuja kukuita mtoro. Lakini lazima uyaseme kwenye majibu yako, na uwe na cha kuyaonyesha. Ulikwenda hospitali au kliniki? Fuata karatasi. Uliripoti polisi, au kwa mwenyekiti wa LC1, lile baraza la kijiji? Omba barua. Kama hukuripoti popote, dada yako aliyekufungulia mlango siku ile ni shahidi, na pia jirani aliyesikia. Na kama bado anakutisha kwa simu, Sheria ya Ukatili Majumbani ya mwaka 2010 inakuruhusu kuomba amri ya kukulinda, na kukunyima pesa za matumizi nako kumo kwenye maana yake ya ukatili.

Kuhusu nusu kwa nusu, majirani wako wamekosea, japo kosa lao nalielewa. Katiba, ibara ya 31, inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika. Watu wakaisikia hiyo "sawa" wakaitafsiri kuwa nusu. Mahakama ya Juu ilifafanua mwaka 2013, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe: mali haiwi ya wote kwa sababu tu mmeoana, inaangaliwa nani alichangia nini. Hata wenzetu ng'ambo, Mahakama ya Upeo ya Kenya mwaka 2023 ilikataa kwamba ndoa peke yake inampa mtu nusu. Lakini sikia upande wa pili wa neno hilo, maana hapo ndipo ulipo wewe. Mchango si pesa tu. Kazi ya nyumbani, kulea, kumwacha mwenzako huru akatafute, mahakama zetu zimekwisha kukubali kwamba ni mchango.

Mwanangu, ile miaka saba ya kumgeuza mama yake kitandani usiwe na aya moja tu ya kuieleza. Nataka uiandike kurasa. Angekuwa amemwajiri mtu wa kulala na mgonjwa, angemlipa nini kwa mwezi, mara miezi mingapi? Wewe uliacha kazi yenye vyerehani viwili na mfanyakazi, kwa ombi lake. Na kile cherehani kilichouzwa kununua saruji ya kwanza ni mchango wa pesa taslimu. Aliyekinunua yuko wapi? Mtafute. Barua fupi ya mtu huyo kwamba alinunua cherehani kwako mwaka fulani ina uzito kuliko machozi yote utakayomwaga pale mbele.

Wakati huo huo ziba mlango. Ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia riziki, Sheria ya Ardhi haimruhusu mwenzi mmoja kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwingine. Kama ina hati, unaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi. Kama ni ya kimila na haina hati, mjulishe mwenyekiti wa LC kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri. Wanaume wengi hukimbilia kuuza pindi wanapopokea majibu ya mke. Fanya hili mapema.

Ng'ombe nao nisiwapite, maana najua baba yako halali. Mwambie alale. Mwaka 2015, katika kesi iliyoletwa na Mifumi, shirika lenye mizizi hapo hapo Tororo uliko, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kutoa mahari hawakukukataza, walichokikataa ni kumfunga mwanamke kwa kamba ya ng'ombe walioliwa zamani. Wewe juu ya hayo ulifunga ndoa kanisani, na talaka yako haina uhusiano wowote na zizi la baba yako.

Watoto hawamo kwenye ile moja ya tano. Matunzo yao yana Sheria ya Watoto, yanadaiwa mpaka wafike miaka 18, na unaweza kuyadai hata kwenye mahakama ya familia na watoto, bila kungoja kesi ya talaka. Hata kama hakimu angekunyima wewe kila kitu, wao hawakosi. Karo, chakula, matibabu, nguo, orodhesha mtoto kwa mtoto.

Wasomaji wengine wataniuliza juu ya wale walioishi na mwanaume miaka 15 bila ndoa yoyote. Sheria ya Uganda haiwahesabu kuwa wameoana hata wakae miaka mingapi, kwa hiyo matunzo ya mke hayapo. Watoto wao wana haki zile zile, na mchango kwenye mali unaweza kudaiwa, ila kwa njia ngumu zaidi. Na mliofunga ndoa ya Kiislamu, talaka yenu inakwenda kwa sheria ya dini, ambako mke ana haki zake za matumizi ya wakati wa eda na mahari iliyobaki kama haikulipwa yote.

Nitasema pia linaloniuma. Sheria ya 1904 haikuandikwa kwa ajili ya mwanamke kama wewe. Moja ya tano ni kidogo kwa mtu aliyejenga biashara kwa mgongo wake. Muswada wa kuibadilisha ulifikishwa Bungeni, ukajadiliwa mwaka 2013, kisha ukawekwa kando kwa kelele kwamba utavunja ndoa za watu. Ndoa zimeendelea kuvunjika bila muswada huo, na akina mama wameendelea kuja masijala na vibahasha vyao. Mpaka itakapobadilishwa, tumia kila kipande cha sheria iliyopo.

Huhitaji kuuza cherehani ili ulipe wakili. FIDA Uganda, Mradi wa Msaada wa Sheria wa Chama cha Mawakili wa Uganda na Justice Centres Uganda huwasaidia bure wasioweza kulipa. Uliza karani wa mahakama iliyoandikwa kwenye samansi yako, atakuelekeza ofisi iliyo karibu. Nenda na cheti cha ndoa, karatasi zote ulizoletewa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na lile daftari utakaloanza kuandika leo usiku.

Hapo nafika kwa dada yako. Najua anakupenda, lakini kwa hili amekosea. Ukiacha kushona, wakili wa mume atamleta mteja wako wa mwezi uliopita aseme ulimshonea sare, na hapo kila ulichosema kitatiliwa shaka, hata yale ya kweli kabisa. Hakimu haulizwi kama una kitu. Anaulizwa unahitaji nini, unapata nini, na pengo lililobaki mwenzako ana uwezo wa kuliziba kiasi gani. Kwa hiyo shona. Andika kila nguo, jina la mteja, bei, na uzi ulionunua. Ukurasa wa pili andika kodi ambayo ungelipa usingekuwa kwa dada, unga, sabuni, mkaa, nauli za kwenda kuwaona wale wa bweni. Ukifika mahakamani ukasema, "Napata 150,000, ninahitaji kiasi hiki, hii hapa hesabu," utakuwa umemletea hakimu kile ambacho mume wako hajaleta.

Niandikie ukishajibu samansi. Nataka kujua tarehe.

Shangazi yako